Jinsi ya kupanga marejeo ya makala kama jarida linavyotaka

Wenzangu mnaoandika kuhusu mwani, samaki, mikoko na mengineyo mkiwa SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) au pale Buyu kwenye Taasisi ya Sayansi za Bahari, kabla hujagusa marejeo fungua maelekezo kwa waandishi ya hilo jarida, halafu daunlodi makala moja walotoa karibuni uiweke pembeni, manake maelekezo yanasema kwa ufupi lakini makala yenyewe inakuonesha mpaka nukta na koma zinakaa wapi.

Majarida mengi yana njia mbili tu. Ya jina na mwaka, mfano (Haji, 2019), au ya namba kama Vancouver, ilotokana na kikao cha wahariri wa majarida ya tiba huko Kanada mwaka 1978. Kwenye namba, orodha inafuata nani katajwa mwanzo, ukihamisha aya moja tu zote zinavurugika, kwa hiyo usiandike kwa mkono, tumia Zotero, programu ya kupanga marejeo, ni bure na ina staili zaidi ya 10,000, unatafuta jina la jarida unaiweka bas.

Lakini programu haijui majina yetu, hapa ndo nataka mtulie. Mtu anaitwa, tuseme, Juma Ali Haji, sote tunamwita Juma, ila jarida linachukua jina la mwisho, inakuwa Haji JA au Haji, J.A., angalia hizo nukta. Usitie Dk wala Sheikh. Na fuata jina lilivyo kwenye makala yake mwenyewe, sio unavyomjua wewe, ukimwandika Juma A huku na Haji JA kule msomaji atadhani watu wawili na kazi yake itapotea, sio haki hata kidogo.

Taasisi nazo mtihani. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali ukiigawa kwenye visanduku viwili vya jina, programu inaona Serikali ndo jina la ukoo! Iweke kisanduku kimoja.

Majina ya kisayansi ya viumbe kama Kappaphycus alvarezii (aina ya mwani) lazima yawe italiki, K kubwa a ndogo, kwenye Zotero unatia <i> kabla ya jina na </i> baada yake. Na ukigeuza kichwa cha makala kiwe herufi ndogo, hakikisha Pemba haikuwa pemba.

Et al. (yaani na wenzake): Vancouver ya kawaida inataja waandishi 6 ndo inakata, APA toleo la 7, ambayo ni ya jina na mwaka, inafika hadi 20 kwenye orodha, ila ndani ya maandishi wakiwa 3 tu ushafupisha. DOI, ile namba ya kudumu ya makala mtandaoni, inaanza na 10., iklik uone inafungua makala ileile.

Ripoti ya Kiswahili iachie kichwa chake cha Kiswahili, tafsiri tia kwenye mabano ya mraba jarida likitaka, usikifute cha asili.

Kabla ya kutuma printi orodha, shika kalamu, kila ulomtaja ndani mtie tiki, alobaki bila tiki mtoe, na alokosekana muongeze.