Kulima Viazi Mviringo kwa Mbegu ya Shamba Lako

Hatua ya 1: Chagua mbegu mimea ikiwa bado imesimama. Wengi huuza viazi vikubwa na kubakiza vidogo kuwa mbegu, ilhali mmea wenye virusi nao huzaa vidogo; ndiyo maana mavuno hushuka msimu baada ya msimu huku lawama zikiangukia udongo. Maua yanapokaribia kuchanua, pita mstari kwa mstari ukichomeka kijiti kando ya kila mmea wenye mashina manene na majani yasiyojikunja wala kuwa na mabaka ya manjano. Baada ya wiki mbili kagua tena, ukiondoa kijiti kwenye mmea uliodhoofika. Siku ya kuvuna, chimbua kwanza yenye vijiti, mmea mmoja mmoja, na uchukue viazi vyenye ukubwa wa yai la kuku. Mmea uliozaa vichache au vibovu, uache wote.

Hatua ya 2: Chipuza mbegu. Tandaza viazi ulivyochagua mahali penye hewa na mwanga hafifu, pasipopigwa na jua, hadi vitoe machipukizi manene ya sentimita 1 hadi 2. Yanayoota gizani huwa marefu, meupe na hukatika upesi. Sishauri kukata mbegu vipande, kwa kuwa kisu hueneza ugonjwa wa mnyauko bakteria.

Hatua ya 3: Panda mahali ambapo viazi, nyanya, biringanya na pilipili havijalimwa kwa miaka 3 au zaidi. Tia samadi iliyooza vizuri, kisha panda kwa kina cha sentimita 10, ukiacha sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mimea.

Hatua ya 4: Mimea ikifika sentimita 20 hivi, palilia na uipandishie udongo, kisha rudia kabla majani hayajafunika mistari, kwani kiazi kinachopata mwanga hugeuka kijani na kujaa sumu ya solanini. Mmea ukinyauka ilhali udongo una unyevu, kata kipande cha shina ukining'inize ndani ya glasi ya maji safi: nyuzi nyeupe zikitiririka kutoka kwenye mkato, huo ni mnyauko bakteria. Ung'oe pamoja na viazi vyake, na usiutupe kwenye mboji.

Hatua ya 5: Majani yakianza kukauka, yakate na usubiri wiki mbili. Sugua kiazi kwa kidole gumba. Ganda lisipochubuka, vuna. Vya kula huhifadhiwa gizani, vya mbegu hurudi kwenye mwanga hafifu, ambako kugeuka kijani hakuvidhuru.