Andaa haya kabla intaneti ya nyumbani haijakata

Intaneti ikikata, kitu cha kwanza unachokihitaji ni intaneti yenyewe: utafute namba ya huduma kwa wateja, usome maana ya taa nyekundu kwenye rauta (kile kifaa kinachosambaza intaneti nyumbani), upakue draiva (programu inayokiwezesha kifaa kufanya kazi na kompyuta). Kwa hiyo kazi kubwa ifanywe siku ambayo neti iko vizuri.

Chukua karatasi, ya kubandika ukutani, maana simu nayo huzima chaji. Andika namba yako ya mteja, simu ya kampuni, tarehe kifurushi kinapoisha (usicheke, wengi huita fundi kumbe hawajalipia) na neno la siri la waifai. Andika pia neno la siri la kuingilia kwenye rauta yenyewe, ambalo ni jingine kabisa. Mara nyingi liko kwenye stika chini ya rauta, pamoja na anwani ya kuifungulia kwenye kivinjari, kama 192.168.1.1. Stika hizo hufifia, basi ipige picha mapema.

Halafu itazame rauta ikiwa nzima. Kwa waliofungiwa faiba, yaani waya unaobeba intaneti kwa mwanga, taa ya PON (ya muunganiko na kampuni) huwa inawaka bila kumeta na ya LOS (ya kupotea kwa mwanga) imezimwa. LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki kwenye kifaa: waya umekatwa na wachimba mtaro, umekunjwa nyuma ya kochi, au kichwa chake kimelegea. Hapo usihangaike na kompyuta, piga simu. Na waya huo ukichomoka, usichungulie ncha yake. Mwanga wake hauonekani na si salama kwa jicho.

Sasa kuhusu kile kitundu cha nyuma kilichoandikwa RESET. Kuzima na kuwasha rauta hakuna madhara: chomoa kwenye umeme, subiri nusu dakika, rudisha, kisha ipe dakika chache ijipange. Ukiingiza pini kwenye kitundu na kushikilia, unafuta mipangilio yote, na huenda ukafuta jina la mtumiaji na neno la siri alilokuingizia fundi siku ya kwanza. Tatizo ambalo lingeisha kwa dakika tano sasa linasubiri fundi mpaka aje. Siku anapofunga, muulize wazi: "Nikiireset, itarudi yenyewe au mpaka uje?" Watoto wajue jibu hilo, na yule shemeji mjuaji zaidi.

Kwenye kompyuta ya Windows, jizoeze mapema kufungua dirisha jeusi la amri: andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia. Ndani yake andika ipconfig, unakili namba iliyo mbele ya "Default Gateway". Hiyo ndiyo rauta yako. Siku ya tatizo, anwani ya kompyuta (mstari wenye "IPv4 Address") ikianza na 169.254, kompyuta haijapewa anwani na rauta, kwa hiyo hitilafu iko humo humo ndani. Ikiwa anwani ni ya kawaida, andika ping (amri ya kubisha hodi kwenye anwani) na namba ya rauta, kisha ping 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya Google huko nje. Rauta ikijibu na 8.8.8.8 ikanyamaza, kasoro kwa kawaida iko upande wa kampuni au mbele zaidi. Zote zikijibu lakini kurasa hazifunguki, shuku DNS, inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Jaribu kuweka 1.1.1.1 kama DNS kwenye mipangilio ya mtandao. Angalia na saa ya kompyuta. Ikirudi nyuma miaka kadhaa, tovuti nyingi hukataa kufunguka hata kama neti ni nzima.

Kuna siku kosa si la nyumba yako wala la kampuni yako peke yake. Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipata hitilafu chini ya bahari, na Tanzania, Kenya na majirani wakakaa na intaneti ya kusuasua. Kwa hiyo uwe na jirani wa mtandao mwingine wa kumuuliza kabla hujaanza kufungua vitu.

Njia ya pembeni iandaliwe pia: laini yenye bando, na waya wa USB wa kuunganisha simu na kompyuta, ambao husaidia hata waifai ya kompyuta ikigoma. Iambie Windows mapema kwamba mtandao huo ni wa kupimwa ("metered"), la sivyo masasisho yatalimeza bando. Kama unapanga kuweka Windows upya, hifadhi kwanza draiva ya waifai kwenye flashi.

Ukipiga simu, usiseme tu "neti haipo". Sema: "LOS ni nyekundu tangu saa nne asubuhi, nimezima na kuwasha, simu na kompyuta zote hazipati." Omba namba ya taarifa, kwani atakayepokea simu yako ya pili huenda asiwe huyo.