Oili ya gia ya mashine ya boti: usirudishe washa za zamani

Kila unapobadilisha oili ya gia, weka washa mpya (kile kipete cha kuzibia kinachokaa chini ya kichwa cha skrubu) kwenye skrubu zote mbili za kasha la gia, ya chini ya kumwagia oili na ya juu ya kutolea hewa. Ile ya zamani imeshabonyea. Hata ukikaza vipi haizibi sawasawa, na maji ya chumvi huingia kidogo kidogo mpaka oili inageuka nyeupe kama maziwa. Hapo beringi na gia zinaliwa na kutu. Chungulia pia tunduni: mara nyingi washa ya zamani hubaki imeganda humo, na ukiweka mpya juu yake itavuja tu. Mimi huibandua kwa kijiti, si bisibisi, nisikwaruze alumini. Jaza oili kutokea chini hadi itoke juu. Funga ya juu kwanza, ndipo ya chini.