Somo: Kupima Sumu ya Viziduo vya Mimea ya Dawa kwa Kamba wa Maji Chumvi

Kabla kiziduo cha mmea, yaani kemikali zilizotolewa mmeani kwa kiyeyushi kama maji, hakijafikishwa kwa panya, sembuse kwa binadamu, kipo kipimo cha siku tatu ambacho maabara ndogo inakimudu: kuwaweka ndani ya kiziduo hicho viluwiluwi wa Artemia, kamba wadogo wa maji chumvi, kisha kuhesabu wanaokufa. Utaratibu unaofuatwa na wengi ulichapishwa mwaka 1982.

Hatua ya kwanza. Yeyusha gramu 38 za chumvi ya bahari katika lita moja ya maji, tia mayai, na uwashe taa upande mmoja wa chombo. Baada ya saa 48 viluwiluwi, ambao hufuata mwanga, watakuwa wamejikusanya penye taa kama vumbi la rangi ya machungwa linalotikisika, na maganda yatabaki gizani.

Hatua ya pili. Andaa mikrogramu 10, 100 na 1,000 za kiziduo kwa kila mililita, vichupa vitatu kwa kila kiwango, na kila kichupa kiwe na viluwiluwi 10 ndani ya mililita 5. Kiziduo kisichoyeyuka majini kiyeyushwe kwanza kwa DMSO (kiyeyushi cha maabara) kidogo, isizidi asilimia 1 ya mchanganyiko wote.

Hatua ya tatu ndiyo inayopuuzwa, nami naisisitiza: weka pia vichupa vya maji chumvi na DMSO bila kiziduo, kwa sababu pasipo hivyo hutajua kilichoua ni mmea au ni kiyeyushi. Viluwiluwi wengi wakifa humo, jaribio zima lirudiwe.

Baada ya saa 24, hesabu kwa lenzi. Asiyejongea kabisa kwa sekunde kadhaa amekufa. Kisha tafuta LC50, yaani kiwango kinachoua nusu yao. Kikiwa chini ya mikrogramu 1,000 kwa mililita, kiziduo huhesabiwa kuwa na sumu.

Maswali ya wanachama

Swali: Kiziduo changu hakikuua hata mmoja. Je, niseme dawa ni salama?
Jibu: Hapana. Saa 24 hazionyeshi madhara yanayojengeka polepole. Alkaloidi za pirolizidini, kemikali zilizomo katika baadhi ya mimea, kwa mfano, hugeuzwa kuwa sumu na ini lenyewe, kisha zikaliharibu.

Swali: Kikiua wengi, nikiache?
Jibu: Usiharakishe. Kipimo hiki kilikusudiwa pia kubaini kemikali zinazoweza kupambana na saratani, hivyo sumu ni dokezo la kuchunguzwa zaidi.

Swali: Nimetumia ethanoli kutoa kiziduo, ilhali wagonjwa huchemsha majani kwa maji. Kuna tofauti?
Jibu: Ipo, na ni kubwa, kwani kila kiyeyushi hutoa kemikali zake. Pima na maji yaliyochemshiwa majani hayo, maana ndiyo wanayokunywa.