Mlo na mazoezi kwa anayekesha zamuni

Mpangilio huu umewekwa kwa mlinzi wa Dar es Salaam anayeingia saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi. Muuguzi au mhudumu wa kituo cha mafuta mwenye saa tofauti asogeze nyakati tu, mfuatano ubaki huohuo. Anayechoma insulini au kumeza dawa za kushusha sukari apite kliniki kwanza. Ukibadili saa za kula bila dozi kuangaliwa, sukari inaweza kushuka ghafla ukiwa peke yako getini.

1. Tenga usingizi kabla ya kitu kingine chochote

Saa 2 asubuhi hadi saa 9 alasiri, simu imezimwa. Dirisha lizibwe kwa pazia zito au vitenge viwili, feni iwashwe ili ifunike kelele za nje. Aliyelala masaa manne hana mazoezi ya kufanya siku hiyo. Arudi kitandani.

2. Mazoezi ukiamka, si ukitoka zamu

Ukitoka zamu unataka mapigo ya moyo na joto la mwili vishuke, na mazoezi makali huvipandisha. Subiri saa 9 na nusu. Kunywa glasi ya maji, kula ndizi moja, tembea haraka dakika 10, kisha ruka kamba: dakika moja kuruka, moja kupumzika, mara kumi. Hizo ni dakika 30. Kwa siku tano zinatimia 150, kiwango cha chini cha wiki kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Siku mbili kati ya hizo, baada ya kamba fanya pushapu 10 na kuchuchumaa mara 15 ukiwa umekumbatia dumu la maji la lita 10, mizunguko mitatu.

Kamba inashinda gym kwa mtu wa zamu: haina nauli, haina foleni, na uani panatosha. Mwenye magoti yanayouma atembee haraka dakika zote 30. Na kusimama getini usiku kucha kunachosha miguu tu, usikuhesabu kama mazoezi. Doria ya mwendo wa haraka ndiyo huhesabiwa.

3. Mlo mkubwa saa 10 na nusu jioni

Ugali wa ngumi mbili, maharage kikombe kimoja au samaki mmoja wa wastani, mchicha au matembele ya kutosha. Usiku mwili huishughulikia sukari vibaya zaidi, kwa hiyo ugali uleule ukiliwa saa 8 usiku hupandisha sukari ya damu kuliko ukiliwa mchana. Shibe yako iwe hapa.

4. Chakula cha begi

Hapa ndipo mipango mingi huharibikia. Chakula kilichopikwa kikikaa kwenye kontena la plastiki kwa joto la Dar, masaa mawili tu yanatosha vijidudu kuanza kuzaana. Ukipakua saa 11 jioni ukala saa 4 usiku, umekaa nacho masaa matano. Wali ni hatari zaidi: kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kupikwa, wali ukipoa polepole huamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha moto upya. Maharage ya nazi nayo huchacha mapema. Usitegemee pua wala ulimi, kwani chakula kinaweza kuwa kibaya bila kunuka.

Kama lazima ubebe cha moto, tumia hotipoti ya chuma, ile yenye kuta mbili na mfuniko wa kukaza. Za plastiki hupoteza joto upesi. Ijaze maji yanayochemka, funga dakika 10, mwaga, kisha weka chakula kikiwa bado kinatokota na ukijaze hadi juu, maana nafasi tupu hula joto. Usifungue kuonja. Ukifungua saa 4 na chakula hakitoi mvuke, kimwage, hata kama inauma.

Bora zaidi ni vitu visivyohitaji joto: karanga za kukaanga kiganja kimoja, ndizi na machungwa yenye maganda, paketi ya maziwa ya muda mrefu ya mililita 250, mkate wa ngano isiyokobolewa. Kula kati ya saa 4 na saa 5 usiku.

5. Saa 6 usiku hadi kukuche

Maji tu, ila kahawa ya mwisho unaweza kunywa saa 7 usiku. Ikichelewa itakukuta kitandani. Kuelekea saa 10 alfajiri joto la mwili huwa chini kabisa, unasikia baridi na hamu ya kitu kitamu. Ule ni usingizi, unajifanya njaa. Zunguka dakika 10. Njaa ikibaki, kula karanga, usiguse soda: chupa ya mililita 350 ina takriban vijiko 9 vya chai vya sukari.

6. Ukitoka

Uji wa ulezi kikombe kimoja, wenye maziwa. Supu na chapati tatu zitakuletea kiungulia ukilala. Kaa wima angalau nusu saa kabla ya kujilaza.

7. Siku ya mapumziko

Usigeuke mtu wa mchana moja kwa moja kama zamu inarudi kesho kutwa. Lala saa 9 usiku, amka saa 4 asubuhi, mlo mkubwa uwe saa 8 mchana. Ukiwa na wiki nzima ya likizo, rudi kwenye ratiba ya kawaida, kisha siku mbili za mwisho sogeza usingizi mbele masaa mawili-mawili.