Manjano kwa ajili ya ini: kijiko, si kidonge

"Dokta, nipe dawa ya kusafisha ini." Mimi ni mfamasia, si daktari, na ombi hilo nalisikia dukani kwangu Tanga karibu kila wiki. Ini halisafishwi, lenyewe ndilo msafishaji. Lakini mzee wa watu kashafungua pochi, siwezi kumwacha aondoke hivihivi. Basi namweleza habari za manjano.

Nunua manjano mabichi, si unga. Unga unaong'aa kupita kiasi nautilia shaka, maana Bangladesh wafanyabiashara waligundulika wakiuchanganya na rangi yenye madini ya risasi. Mama yangu, kule Muheza, huyachemsha mpaka njiti ya kibiriti ipenye bila kusukumwa, huyakata slesi nyembamba na kuyaanika kwenye ungo mpaka yavunjike kwa mlio. Hapo ndipo anapotwanga. Vidole vitabaki na rangi siku mbili, vumilia.

Nusu kijiko cha chai kwa siku kinatosha, ndani ya mchuzi wenye mafuta kidogo au tui, kwa sababu kurkumini, ile rangi yenyewe, haiyeyuki kwenye maji. Ni kama asilimia 3 tu ya unga. Hutuliza uvimbe, na baadhi ya majaribio kwa watu wenye mafuta kwenye ini yameonyesha vipimo vyao vikishuka kidogo. Kidogo, nimesema. Kwa maoni yangu kahawa chungu, vikombe viwili vitatu kwa siku, ina ushahidi mzito zaidi, ila hakuna anayenifuata kuuliza kahawa.

Pilipili manga ina piperini, inayozuia mwili kuivunja kurkumini upesi. Watafiti wa India mwaka 1998 walipima ongezeko la kurkumini la mara 20 kwenye damu. Punje chache za pilau hazina neno. Balaa ni vidonge vyenye kurkumini iliyokolezwa pamoja na piperini: mwaka 2019 Italia ilitoa tahadhari baada ya watumiaji kuugua homa ya ini. Nami nilimpata baba mmoja, macho ya njano kuliko unga wa mama, chupa katumiwa na mwanawe kutoka ng'ambo. Nilimwambia aache siku hiyohiyo, aende hospitali na chupa mkononi.

Mwenye mawe kwenye kifuko cha nyongo, au anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) au dawa za TB, asianze vidonge hivyo kabla ya kumuuliza daktari.

Halafu rudi jikoni uchambue karanga na mahindi. Yenye ukungu tupa, hata kuku usimpe. Sumukuvu, sumu ya ukungu huo inayoliumiza ini, haimalizwi na moto wa kupikia, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Hakuna manjano ya kuifuta.

Mwisho namuuliza mteja kama amepima homa ya ini B. Wengi hurudisha pochi mfukoni.