Jinsi ya kuomba matibabu ya akili na msamaha wa gharama Tanga: kuanzia mtaani hadi Bombo

Familia nyingi hapa Tanga humpakia mgonjwa kwenye bajaji na kumfikisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, mikono mitupu. Kama ni dharura, sawa, nendeni. Kama si dharura, mtakaa foleni, mtaandikiwa malipo, kisha mtaanza kuhangaikia msamaha bili ikiwa tayari mezani. Msamaha huombwa kabla ya bili.

Barua ya mtaa

Sera ya afya inaweka magonjwa ya akili katika kundi la magonjwa sugu yanayosamehewa gharama, na asiyejiweza naye ana njia yake. Ila haki hiyo haijiandiki yenyewe. Nenda kwa mtendaji wa mtaa au wa kijiji, ukiongozana na balozi au mwenyekiti anayeijua kaya yenu. Barua ielekezwe kwa Mganga Mfawidhi, yaani msimamizi wa kituo mnachokwenda, kwa sababu ile ya “kwa yeyote anayehusika” huwa rahisi kurudishwa. Iwe na majina matatu ya mgonjwa, umri, mtaa na kata, jina na simu ya ndugu anayemwuguza, na sababu halisi ya kushindwa kulipa: hana kazi, analelewa na mama muuza vitumbua. “Hali ngumu ya maisha” haimwelezi mtu chochote. Hakikisha kuna sahihi na mhuri unaosomeka, kisha toa nakala mbili.

Linganisha majina herufi kwa herufi na kitambulisho cha NIDA au cha mpiga kura. Mwanahamisi kwenye barua na Mwanakhamis kwenye kitambulisho ni safari ya kurudi kwa mtendaji.

Zahanati au kituo cha afya

Anzeni karibu na nyumbani. Kwa wa mjini, Makorora, Ngamiani au Pongwe. Hapa ndipo aibu inapoharibu kazi. Mapokezi wakiuliza tatizo, ndugu husema “kichwa kinamuuma”, na mgonjwa hurudi nyumbani na panadol. Sema wazi: halali, anaongea peke yake, amejifungia ndani, au ametaja kujiua. Taja ilianza lini, kama kuna kifafa katika familia, anatumia pombe au bangi, na dawa zote alizokwisha kunywa, za mitishamba zikiwemo. Kama mlimpeleka kupungwa, semeni tu. Tabibu anachotaka kujua ni alichokunywa, maana mizizi iliyochemshwa inaweza kugongana na dawa za hospitali.

Msikasirike akianza na kipimo cha malaria na cha sukari. Mtu aliyechanganyikiwa ghafla huku ana homa anaweza kuwa na malaria kali, na hiyo haingoji kliniki ya akili.

Si kila mgonjwa anahitaji kupelekwa mbele. Sonona (huzuni kubwa isiyoisha), wasiwasi na kifafa mara nyingi huweza kuanza kutibiwa hapo hapo, dawa zikiwepo. Akiandikiwa rufaa, isomeni kabla ya kutoka mlangoni: dalili na muda wake, vipimo na majibu, dawa alizopewa na dozi yake, sababu ya rufaa, jina la aliyeandika, tarehe na mhuri. Rufaa isiyotaja dawa humlazimu daktari kuanza upya.

Bombo

Fikeni asubuhi na rufaa, barua ya mtaa, kitambulisho, kadi ya bima kama ipo, na pakiti tupu za dawa. Kabla ya kusogea dirisha la malipo, ulizieni ofisi ya ustawi wa jamii. Afisa atawahoji kuhusu kipato cha kaya, kwa hiyo aende ndugu anayeishi na mgonjwa, si jirani aliyejitolea kusindikiza.

Siku ya kuruhusiwa, ombeni barua ya kumrudisha kwenye zahanati yenu, yenye jina la dawa, dozi na tarehe ya kurudi kliniki. Bila hiyo, nauli ya kila mwezi ndiyo itakayomwachisha dawa. Ulizeni zahanati wiki moja kabla dawa hazijaisha, maana huenda wamepungukiwa. Msigawe vidonge nusu nusu ili vifike mwisho wa mwezi, na dawa ya kifafa kama phenobarbital isikatwe ghafla: degedege linaweza kurudi kwa nguvu na kuua. Anayetumia haloperidol, dawa ya ugonjwa wa akili, akikakamaa shingo au macho yakapanda juu, mrudisheni siku hiyo hiyo. Hayo ni madhara ya dawa, yana dawa yake, na hayana uhusiano na jini.

Lini muache karatasi zote

Degedege lililopita dakika 5 au linalojirudia kabla hajapata fahamu, jaribio la kujiua, homa na kuchanganyikiwa, kukataa kabisa kula na kunywa. Nendeni kituo kilicho karibu zaidi, barua itafuata.

Msamaha ukikataliwa, ombeni sababu kwa maandishi na mzipeleke pamoja na barua yenu kwa Mganga Mfawidhi wa hospitali. Kama tatizo liko zahanati au kituo cha afya cha mjini, ngazi inayofuata ni ofisi ya Mganga Mkuu wa Jiji.